Mtu Aliyepiga Picha za Magari ya Moshi Usiku

  Ketini mahali ambapo redio inasikika vizuri, na kama taa ni moja tu, wasogezeni karibu nayo wazee ambao macho yao yamechoka. Msimamizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: reli, mvuke, mwanga, waya, ruhusa. Yatarudi mara nyingi. Kila moja likirudi, litafuteni kwa kidole katika ukurasa mlio nao mkononi.

Leo tutazungumza habari ya kupiga picha. Hatutazungumza picha za studio, ambako mtu huvaa nguo safi, huketi kitini na kuambiwa asitikisike. Twataka kujua jambo jingine. Mtu anawezaje kupiga picha ya gari la moshi linalokwenda mbio, likipita katikati ya mji mdogo, tena usiku? Najua baadhi yenu mmecheka. Mmesema, "Gari la moshi ni jeusi, usiku ni mweusi, picha hiyo itatoka nyeusi kama masizi." Mna haki ya kucheka. Lakini yuko mtu mmoja wa Marekani aliyeifanya kazi hiyo tangu mwaka 1955 hata mwaka 1960. Alisafiri kwa motokaa mji hata mji, na picha zake zinatazamwa mpaka leo. Tutaeleza jinsi alivyofanya, na pia kwa nini alikuwa na haraka.

Jina lake ni O. Winston Link. Alizaliwa mwaka 1914 katika Brooklyn, sehemu moja ya mji mkubwa wa New York. Shuleni alisomea uhandisi, yaani elimu ya kujenga madaraja na barabara, lakini hakujenga daraja hata moja. Alishika kamera. Viwanda vilimwajiri apige picha za bidhaa zao kwa ajili ya matangazo. Shikeni hilo neno la uhandisi, maana litatusaidia huko mbele.

Mwezi wa Januari mwaka 1955 Link alitumwa Staunton, mji mdogo katika jimbo la Virginia, akapige picha za mashine za kupoza hewa. Kazi hiyo haina mengi ya kusimulia. Lakini karibu na Staunton uko mji mwingine mdogo uitwao Waynesboro, na hapo ilipita reli ya kampuni ya Norfolk and Western. Link alikuwa amependa magari ya moshi tangu utoto wake. Jioni akapanda motokaa akaenda kutazama. Akaona kitu ambacho katika sehemu nyingine za Marekani kilikuwa kimekwisha au karibu kwisha: injini za mvuke zikifanya kazi kila siku, zikiwa safi, zimepakwa mafuta, na watu wake wako kazini. Usiku wa tarehe 21 Januari alipiga picha yake ya kwanza hapo stesheni.

Sasa ngojeni kidogo tueleze neno mvuke, kwa sababu habari yote imesimama juu yake.

Injini ya mvuke ni kama sufuria kubwa sana juu ya magurudumu. Moto huwashwa, maji huchemka, na mvuke hutafuta njia ya kutoka. Mmeona mfuniko wa sufuria unavyorukaruka ugali ukitaka kupikwa. Nguvu ile ile, iliyofungiwa ndani ya chuma, husukuma vyuma vya injini navyo huzungusha magurudumu. Mvuke ukiisha kufanya kazi hutoka nje kwa kishindo, ndiyo ile sauti ya chaf-chaf-chaf ambayo wazee wetu waliokaa karibu na reli waliizoea. Lakini injini hii ina njaa na kiu. Yataka makaa ya mawe, au mafuta mazito, au kuni. Yataka maji njiani, na kwa hiyo yataka matanki ya maji na watu wa kuyatunza. Yataka mtu wa kuchochea moto, mtu wa kuzoa majivu, mtu wa kupaka mafuta, fundi wa kuziba bomba linalovuja. Injini ya dizeli haitaki watu wote hao. Unawasha, unakwenda. Hesabu ya tajiri wa reli ni nyepesi hapo.

Kampuni ya Norfolk and Western ilikawia kufanya hesabu hiyo, nayo ilikuwa na sababu mbili. Kwanza, mali yake kubwa ilikuwa ni kubeba makaa ya mawe kutoka milima ya West Virginia mpaka bandari ya Norfolk, na mtu anayebeba makaa hapendi kumfukuza mnunuzi wa makaa. Pili, ilijitengenezea injini zake yenyewe katika karakana zake za mji wa Roanoke, na mafundi wa Roanoke walikuwa wakijua kazi yao kwelikweli. Lakini mwezi wa Mei mwaka ule ule wa 1955, miezi minne tu baada ya Link kufika Waynesboro, kampuni ilitangaza kwamba nayo itanunua injini za dizeli. Hapo Link akajua kwamba ana miaka michache tu.

Nisimame hapa kidogo niseme neno la kwetu. Miaka ile ile, 1955 na 1956, Marekani walipokuwa wakiziacha injini za mvuke, Reli na Bandari za Afrika Mashariki ilikuwa ikipokea injini mpya 34 za mvuke kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, Uingereza. Zilichoma mafuta mazito, zikavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hizo nazo zilimaliza kazi yake mwaka 1980. Mmoja katika milima hiyo ya chuma, uitwao Mount Gelai, unakaa katika makumbusho ya reli Nairobi. Atakayefika huko na aende akausimamie kando. Ndipo atakapojua kwa nini mtu mzima kama Link aliacha kazi ya kulipwa akafuata injini.

Na kweli hakulipwa. Aliiandikia kampuni ya reli kuomba ruhusa, na ruhusa akapata. Aliruhusiwa kuingia katika stesheni, karakana na kando ya reli, na wafanyakazi wakamsaidia. Lakini fedha za safari, za filamu, za vyombo na za chakula zilikuwa zake mwenyewe. Kutoka New York mpaka Roanoke ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Alifanya safari kama 20 hivi katika miaka mitano. Alikuwa akirudi New York, anafanya kazi za viwanda apate fedha, kisha anajaza tena vyombo katika motokaa na kushika njia ya kusini. Mwisho wake alikuwa na negativu kama 2,400.

Tazameni neno ruhusa ubaoni. Si neno dogo. Mtu mgeni, mwenye masanduku na waya nyingi, akionekana usiku kando ya reli, watu watamdhania mwizi au mharibifu. Hata leo, mwenye simu yenye kamera akitaka kupiga picha stesheni, na amwulize kwanza mkuu wa stesheni. Na asisimame juu ya reli kwa sababu yoyote. Gari zito la mizigo likifunga breki laweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla halijasimama. Dereva akikuona, amekuona tu, hawezi kukusaidia.

Basi, kwa nini usiku? Link mwenyewe alieleza kwamba jua halihami kwa amri yake, na mara nyingi huwa upande usiofaa. Reli nazo hazihami. Kwa hiyo akaona heri ajitengenezee mwanga wake mwenyewe, auweke pale anapotaka. Mchana, mvuke mweupe hupotea katika mbingu nyeupe. Usiku, mvuke ule ule ukipigwa na mwanga hung'aa juu ya mbingu nyeusi kama pamba juu ya nguo ya kaniki. Tena usiku huficha takataka. Nguzo mbaya, uzio uliovunjika, pipa bovu nyuma ya nyumba, vyote humezwa na giza kama hukuvielekezea mwanga. Mpiga picha wa mchana hupewa kila kitu, apende asipende. Mpiga picha wa usiku huchagua.

Lakini giza lina gharama yake. Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu.

Gari la moshi linakwenda kilomita 60 kwa saa. Kilomita 60 ni mita 60,000. Saa moja ina dakika 60, kila dakika ina sekunde 60, kwa hiyo saa moja ina sekunde 3,600. Gawanyeni 60,000 kwa 3,600. Mtapata mita 17 hivi. Yaani kila unaposema neno "moja", gari limekwisha kwenda mita 17, karibu urefu wa behewa zima. Kamera ina jicho, na jicho hilo lina kope linalofunguka na kufunga. Kope likikaa wazi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari limekwenda mita moja na sentimita 70, na katika picha litakuwa kama mtu aliyefutwa kwa kitambaa. Kope likifunguka kwa sehemu moja ya mia, gari limekwenda sentimita 17 tu. Kama umesimama mahali ambapo gari linakujia kwa mbele, badala ya kukupita ubavuni, mwendo huo hauonekani sana. Hiyo ndiyo faida ya kuchagua mahali. Lakini kope likifunguka kwa muda mfupi hivyo, mwanga unaoingia ni kidogo sana, kama mtu aliyefungua mlango na kuufunga kabla mgeni hajaingia. Kwa hiyo usiku hapana budi mwanga uwe mwingi mno, na uje kwa wakati ule ule kope linapofunguka.

Link alitumia globu za kupigia picha. Hizi si globu za nyumbani. Ndani yake mna madini membamba yanayowaka upesi, pamoja na hewa ya oksijeni. Umeme ukiingia, madini yote huwaka mara moja kwa mwanga wa kutia upofu, kisha basi. Globu imekufa. Haiwaki mara ya pili, yatupwa.

Na globu moja haitoshi. Kwa nini? Fanyeni jaribio usiku huu. Washeni karabai, someni ukurasa huu mkiwa hatua tano kutoka kwenye taa. Kisha rudini nyuma mpaka hatua kumi. Mtu hudhani mwanga umepungua nusu. Sivyo. Umepungua umebaki robo. Ukienda hatua ishirini, umebaki sehemu moja ya kumi na sita. Mwanga ukisafiri hutawanyika juu na chini, kushoto na kulia, kama mchuzi uliomwagwa kwenye sinia pana. Sasa fikirini gari la moshi lenye urefu kupita mtaa mzima, na nyuma yake nyumba, na mbele yake watu. Link alipaswa kuweka globu hapa, na pale, na kule ng'ambo, nyingine nyuma ya ukuta, nyingine juu ya nguzo, kila moja ikiangaza kipande chake. Hapo ndipo uhandisi uliposaidia. Alijitengenezea kisanduku cha umeme cha kuwashia globu nyingi pamoja.

Globu hizo alizifunga katika waya mmoja, kama shanga katika uzi mmoja. Umeme ulipita katika globu ya kwanza, ukaenda ya pili, ukaenda ya tatu, hata ya mwisho. Utasema huo ni ujinga, maana globu moja ikiwa mbovu, au waya ukikatika mahali pamoja, hakuna hata moja itakayowaka. Ni kweli. Lakini faida yake ni kwamba njia ni moja, na njia moja hupimika. Akijua njia nzima iko salama, globu zote zitawaka kwa pamoja. Ama apate picha kamili, ama asipate kitu. Hakutaka picha yenye gari lililoangazwa kichwa na kukosa mkia, naye aweza kudanganyika kwamba amefanikiwa.

Mwone sasa kazi ilivyokuwa. Mchana anazunguka na motokaa, anatafuta mahali. Anazungumza na wenyeji: gari hupita saa ngapi, nani hukaa barazani, duka hufungwa lini. Jioni yeye na msaidizi wake wanavuta waya, wanasimika taa, wanapanga kamera. Watu wa mji wanaambiwa wasimame wapi na wafanye nini. Kisha wanangoja. Taa ya gari inaonekana kwa mbali, reli zinaanza kulia, ardhi inatetemeka. Halafu mara moja, mwanga! Kazi ya siku nzima imekwisha kabla hujasema "loo". Hakuna "rudia tena". Globu zote zimekufa, na gari limekwenda zake.

Picha yake iliyo mashuhuri kuliko zote aliipiga tarehe 2 Agosti 1956 katika Iaeger, mji mdogo wa makaa ya mawe huko West Virginia. Palikuwa na uwanja wa sinema ambao watu huingia na motokaa zao, wakatazama sinema wakiwa wamekaa ndani. Kando ya uwanja ilipita reli. Katika picha mnaona motokaa zimejipanga safu kwa safu, kama ng'ombe zizini. Mbele kabisa yuko kijana na msichana katika motokaa isiyo na paa, nayo ilikuwa ni motokaa ya Link mwenyewe. Upande mmoja, katika pazia la sinema, ndege ya vita inaruka. Upande wa pili gari la moshi la mizigo linapita likitoa mvuke mweupe unaopanda mbinguni. Globu zaidi ya 40 ziliwaka kwa mara moja.

Wengine husema picha hii yaonyesha mapenzi. Mimi naona yaonyesha kuagana. Watazameni wale watu katika motokaa. Hakuna anayeligeukia gari la moshi. Wote wanatazama ndege. Miaka michache baadaye gari lile la mvuke halikupita tena, na nadhani wengi waliona pengo hilo kwa masikio kabla hawajaliona kwa macho.

Katika picha hiyo mna jambo ambalo lazima niwaeleze wazi. Globu zilipowaka, mwanga wake ulifuta kabisa ile picha ya ndege katika pazia, likabaki jeupe tupu. Link akaipiga ndege katika negativu nyingine, kisha wakati wa kusafisha picha akaziunganisha mbili zikawa moja. Je, huo ni uwongo? Darasa lijadiliane. Maoni yangu ni haya: ndege ilikuwapo, pazia lilikuwapo, gari lilikuwapo, watu walikuwapo. Lakini vilipangwa. Picha za Link si kama picha za gazeti, ambazo mtu hupiga kinachotokea. Ni kama mchezo wa kuigiza unaochezwa na watu wenyewe katika nyumba zao wenyewe, na injini ya kweli ndiyo mchezaji mkubwa. Anayezitazama akijua hivyo hadanganyiki.

Ziko nyingine. Huko Luray, Virginia, mwaka 1956, vijana wanaoga mtoni usiku, na juu yao gari linavuka daraja. Huko Lithia, mwaka 1955, tumo ndani ya sebule ya watu. Kijana amesimama dirishani anapunga mkono, na nje ya kioo injini inapita karibu kama jirani anayekatiza uani. Picha hiyo ilikuwa na taabu ya pekee. Mwanga wa ndani ulitakiwa ulingane na mwanga wa nje. Ukizidi wa ndani, gari linapotea. Ukizidi wa nje, wenye nyumba wanakuwa vivuli. Aliwapiga picha pia wafanyakazi: wanaume wanaosafisha injini huko Roanoke, na mlinzi wa Waynesboro mahali barabara inapokatana na reli. Kama angepiga injini peke yake, leo tungekuwa na picha za mashine. Yeye alipiga kazi ya watu, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inakwenda kwisha. Mlinda tanki la maji hana la kufanya maji yasipotakiwa.

Lakini picha nilizozitaja hazisemi kila kitu. Virginia ya miaka ile ilikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi na weupe, hata watoto mashuleni. Ukitazama vijana wale wakioga mtoni hutajua habari hiyo. Mwanga huonyesha pale tu ulipoelekezwa, nasi tuliokwisha jifunza kusoma tujizoeze kuuliza nini kimebaki gizani.

Si picha zote zilizopigwa usiku. Mwezi wa Oktoba mwaka 1956 Link alikuwa Green Cove, stesheni ndogo sana katika milima ya Virginia, kwenye reli ya tawi ambayo gari lake lilikwenda polepole kwa ajili ya kupanda na kuzunguka milima. Gari linaingia mchana. Mbele yake yuko farasi mzee mweupe aliyefungwa kazini, jina lake Maud, naye ameinamisha kichwa kana kwamba anaamkia. Kati ya farasi na injini sijui tumhurumie nani zaidi. Reli ile iling'olewa baadaye, na njia yake ikafanywa ya waenda kwa miguu na baiskeli.

Nasi watu wa redio tuna sababu yetu ya kumpenda Link. Hakuridhika na picha. Alichukua pia mtambo wa kunasia sauti, akanasa mlio wa injini zikipanda vilima, filimbi zake na breki zake, akatoa santuri. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1957 alikuwa katika mji mdogo uitwao Rural Retreat. Kengele za kanisa zilipiga nyimbo za Krismasi, na wakati huo huo gari la abiria likafika, likasimama, kisha likaondoka gizani. Yote mawili yamo katika mtambo. Ukisikiliza, unalisikia gari likienda mbali, mbali zaidi, mpaka zinabaki kengele peke yake.

Mwaka 1960, mwezi wa Mei, injini za mwisho za mvuke za kampuni ile ziliacha kufanya kazi. Link akarudi kwenye matangazo ya viwanda. Kwa miaka mingi ni watu wachache tu waliozijua picha zake. Kitabu chake cha kwanza kikubwa cha picha hizo kilitoka mwaka 1987, zaidi ya miaka 30 tangu usiku ule wa Waynesboro. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 2001. Miaka mitatu baadaye, Januari 2004, stesheni ya zamani ya abiria ya Roanoke ilifunguliwa tena, safari hii kwa ajili ya picha zake. Katika mji huo huo imehifadhiwa injini namba 611, iliyotengenezwa na mafundi wa Roanoke mwaka 1950.

Sasa fungueni madaftari. Kazi ya juma hili ni sentensi tano. Chagueni kazi moja inayofanywa katika mji wenu ambayo mnadhani watoto wenu hawataiona. Andikeni inafanywa wapi, saa ngapi, na nani, na kwa vyombo gani. Katika sentensi ya tano andikeni mpiga picha angesimama wapi, na mwanga utoke upande upi. Msimamizi azikusanye kabla ya siku ya somo lijalo. Kwaherini.